Blichi na rangi kwenye nywele za kipilipili: mwongozo kamili kwa wanaoishia na kichwa cha machungwa

Kila wiki anakaa mtu kwenye kiti changu, anafungua kilemba, na kabla hajaongea nishajua. Mizizi inang'aa njano kama ndizi, katikati machungwa, ncha nyeusi tii kama hazijaguswa. Au anakuja wiki tatu baadae nywele zinakatika zote sehemu moja, sentimita mbili kutoka kichwani, ukipitisha chanuo linatoka na vipande. Na ukiwauliza wote walifanya kitu kilekile, walitaka rangi ya asali, wakaona haitoki haraka, wakaongeza developa kali (developa ni yale maji ya peroksaidi yanayochanganywa na poda ya blichi au rangi).

Kwahiyo tuelewane toka mwanzo. Rangi nzuri haitoki kwenye ukali wa developa, inatoka kwenye muda, upakaji, na kujua unaishia wapi. Hili nitalirudia rudia maana ndo linaloharibu vichwa vya watu.

Mwongozo huu ni wa nywele za kipilipili nyeusi za asili zinazoenda kwenye kopa, yani rangi ya shaba, au asali. Nimeuandika kwa msusi anayeanza, ila hata ukifanyia nyumbani hatua ni hizihizi, ilimradi kuwe na mtu wa pili. Kisogo chako hukioni, usijipake blichi mwenyewe.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujafungua pakiti

- Poda ya blichi ya saluni, yenye tarehe ya kuisha inayosomeka. Poda iliyoingia unyevu ikaganda madonge usiitumie, itafanya kazi huku na kule isifanye.
- Developa ya volyumu 20, yani asilimia 6 ya peroksaidi. Na chupa ndogo ya volyumu 10, asilimia 3, ya hatua ya rangi. Ya 40 iache dukani.
- Rangi yenyewe au tona (rangi nyepesi ya kurekebisha mng'ao), pamoja na kitabu cha rangi cha kampuni hiyohiyo.
- Bakuli mbili za plastiki na brashi mbili. Sio sufuria, sio kijiko cha chuma, kwasababu baadhi ya madini yanaivunja peroksaidi haraka na mchanganyiko unakosa nguvu au unapata moto.
- Mizani ndogo ya jikoni na kikombe chenye alama za mililita. Hapa wengi wanapuuza. Kukadiria kwa macho ndo chanzo cha upande mmoja kutoka na mwingine kugoma.
- Glavu za naitrili jozi 3, vibanio 6, chanuo la mkia, foili, kofia ya plastiki, mafuta mgando, mataulo ya zamani ya rangi ya giza.
- Saa. Ya ukutani au ya simu, ila iwe mbele yako.
- Shampuu laini, tritimenti ya protini, na kondishena nzito.
- Ndoo mbili za maji masafi zimejazwa. Dar tunajua, bomba linaweza kukata ukiwa na blichi kichwani kwa mtu, na blichi haisubiri. Alafu kama saluni yako inatumia kisima cha maji ya chumvi, tafuta maji mengine kwa ajili ya kazi hii, maji yenye madini mengi yanaacha nywele ngumu na rangi inakaa vibaya.

Ukinunua Kariakoo au kokote pale kagua chupa ya developa. Kama imevimba, kifuniko kimelegea au imekaa juani mlangoni mwa duka siku nzima, iache. Peroksaidi inapoteza nguvu kwa joto na mwanga. Umekazana unasubiri rangi itoke kumbe kwenye chupa mna maji tu.

## Hatua ya 1: Hoji nywele kabla ya kuzigusa

Muulize mteja maswali na umsubiri ajibu. Miaka miwili iliyopita umeweka dawa? Umepaka rangi nyeusi ya pakiti? Hina? Piko? Mara ya mwisho umefumua rasta lini?

Miwili kwasababu nywele zinakua kama sentimita 1 na robo kwa mwezi, kwahiyo unywele wenye urefu wa sentimita 30 una historia ya miaka miwili ndani yake. Ncha bado zinakumbuka kile alichofanya kipindi kile.

Kama aliweka dawa. Dawa ya kulainisha ishavunja sehemu ya viungo vinavyoshikilia unywele, blichi inakuja kuvunja vingine. Kuna wasusi wanafanya vyote na kichwa kinatoka salama, nimeona. Mimi siweki blichi kwenye nywele za dawa, namwambia mteja achague kimoja. Ukishikilia kufanya, angalau zipite wiki mbili kati ya dawa na blichi, na usifanye kabisa kama ncha zishaanza kukatika.

Kama ana rangi nyeusi. Kuna kanuni moja ya kazi hii kote duniani, rangi haiondoi rangi. Ukipaka kahawia ya asali juu ya nyeusi ya pakiti hakuna kitakachoonekana isipokuwa mizizi iliyoota juzi. Nyeusi inatolewa na blichi, na inatoka taratibu na kwa mabaka.

Hina na piko. Hina halisi ya majani inatoa rangi ya kutu na kahawia, haitoi nyeusi. Ile "hina nyeusi" imechanganywa na kitu kingine, mara nyingi PPD, kemikali ya kwenye rangi za nywele za giza, na nyingine zina chumvi za madini. Chumvi za madini zikikutana na peroksaidi nywele zinaweza kupata moto kweli, zikatoa moshi na kuyeyuka. Jaribio lake nimeliweka hatua ya 3.

Kama kafumua rasta leo. Mrudishe nyumbani. Rasta zinavuta ngozi, na ukichokonoa mba wakati wa kufumua unaacha vidonda vidogo usivyoviona. Blichi itavikuta. Apumzike wiki nzima, aoshe, apake mafuta, ndo aje.

## Hatua ya 2: Jaribu ngozi, saa 48 kabla

Hatua hii watu wanairuka kwasababu mteja ana haraka ya harusi Jumamosi. Usiiruke.

Rangi nyingi za kudumu, hasa za giza, zina PPD au ndugu zake. Kwenye boksi utaikuta kwenye orodha ya viambato imeandikwa p-Phenylenediamine. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 kwa kiasi kinachofika kichwani baada ya kuchanganya, na hata kwa kiasi hicho kuna watu mwili unakataa. Na mwili ukishaikataa mara moja ndo basi, huwa haisahau.

Sisi wa pwani tuna la ziada. Piko ya harusini, ile nyeusi inayochorwa mikononi na miguuni, mara nyingi ni unga wa rangi ya nywele uliokorogwa ukapakwa moja kwa moja kwenye ngozi, tena ukaachwa ukauke. Kwahiyo dada yeyote wa Zanzibar, Tanga, Mombasa au Dar aliyewahi kuchorwa piko ikamuwasha, ikaumuka, ikaacha malengelenge yenye umbo la ua lilelile, huyo rangi yenye PPD asiguswe nayo hata kwa jaribio. Muulize kwa jina hilo hilo, piko. Ukimuuliza kama ana aleji atakwambia hana, kwasababu ule muwasho wa harusini hakuuhesabu kama aleji.

Kwa wengine: chukua rangi kidogo kadri kampuni ilivyoelekeza, paka nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, eneo la ukubwa wa shilingi, acha, angalia baada ya saa 48. Imefaulu kama ngozi iko vilevile. Ikiwasha, ikiwa nyekundu au ikivimba, hakuna rangi.

Na siku ya kazi, mteja akivimba kope au uso, au akianza kupumua kwa shida, osha kichwa haraka na apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Usianze kumpaka krimu.

## Hatua ya 3: Jaribu unywele

Majaribio ni matatu na yote kwa pamoja hayazidi saa moja.

La kwanza, mvutano. Lowanisha unywele mmoja, ushike ncha mbili, uvute polepole. Unywele mzima ukiwa na maji unavutika karibu theluthi ya urefu wake alafu unarudi. Ukivutika usirudi kama bigijii iliyotafunwa, au ukikatika hapohapo, kazi imeishia hapa, unampa tritimenti za protini kwa mwezi ndo mnajaribu tena.

La pili, chumvi za madini, kwa yule aliyetaja hina nyeusi au rangi asiyoijua. Kata kishungi kidogo, kitie kwenye kikombe cha plastiki chenye developa ya 20 na matone machache ya amonia, acha nusu saa. Kikombe kikipata joto, kikitoa mapovu mengi au harufu mbaya, hizo nywele haziguswi na blichi. Zitasubiri ziote mpya.

La tatu ndo la maana zaidi, kishungi cha blichi. Chukua nywele chache kisogoni na chache mbele, paka blichi, funga kwenye foili, angalia kila dakika 5 na *andika* dakika ambayo rangi unayoitaka imetokea. Ile namba ndo itakayokuongoza kichwa kizima. Nywele za mbele mara nyingi ni nyembamba na zinawahi kuliko za kisogoni, kwahiyo utapata namba mbili, zote ziandike.

## Hatua ya 4: Amua unaishia wapi

Ndani ya unywele mweusi kuna rangi za aina mbili, moja ya kahawia hadi nyeusi na nyingine ya wekundu hadi njano. Blichi inaimaliza ile ya kwanza mapema, ya pili inang'ang'ania. Ndo maana kila kichwa cheusi lazima kipite kwenye machungwa, hakuna cha kuruka. Machungwa ni kituo, hujakosea kufika hapo. Kosa ni kupaniki ukifika.

Wasusi tunahesabu ngazi 1 mpaka 10, nyeusi kabisa ni 1. Ukiwa unatoa weusi utaona hivi:

Ngazi ya 4 mpaka 5, nyekundu ya tofali. Ya 6, machungwa mazito kama karoti. Ya 7, machungwa yaliyopoa, embe bivu. Ya 8, njano yenye machungwa kidogo. Ya 9, njano ya ganda la ndizi kwa nje. Ya 10, njano hafifu kabisa, ganda la ndizi kwa ndani.

Kopa inataka 6 au 7. Asali inataka 7 mpaka 8. Zile rangi za majivu na nyeupe za kwenye picha zinataka 9 kwenda 10, na kwa nywele za kipilipili ndefu nakuomba sana, nunua wigi au suka rasta za rangi hiyo. Unywele wetu umejikunja, na kila kona ya mkunjo ni sehemu dhaifu, ukiufikisha 10 unabaki kama uzi wa pamba. Aliyenyoa akabakiza sentimita mbili huyo anaweza, maana zikiharibika zinanyolewa na maisha yanaendelea.

Sasa namba za kwenye boksi. Namba ya kwanza ni ngazi, zinazofuata baada ya nukta au mkwaju ni aina ya mng'ao. Tatizo kampuni hazifanani. Kwa L'Oréal .4 ni kopa, kwa Wella /4 ni nyekundu. Mtu kanunua 7/4 akidhani ni ileile 7.4 ya mara ya kwanza, katoka na kichwa cha wekundu analia. Soma kitabu cha rangi cha kampuni husika, usikariri namba.

## Hatua ya 5: Kuandaa kichwa na chumba

Nywele zioshwe siku mbili kabla, zisioshwe siku yenyewe. Mafuta ya asili ya ngozi ya siku mbili yanakinga kichwa dhidi ya blichi. Ila mafuta mazito ya mgando na jeli za wiki nzima yawe yametoka, vinginevyo blichi inateleza juu.

Zikaushe kwa kuzivuta vizuri au ziblou kwa joto dogo siku ya kuosha, ili siku ya kazi uweze kugawa mistari. Kwenye nywele zilizorudi kujikunja huwezi kupaka sawasawa, utaona umepaka kumbe katikati ya mkunjo hamna kitu.

Gawa mafungu manne, kutoka paji la uso mpaka kisogoni na kutoka sikio mpaka sikio. Bana kila fungu. Paka mafuta mgando kwenye paji, masikio na shingo.

Chumba kiwe na hewa inayopita, fungua dirisha na mlango. Poda ya blichi ina kemikali zinazoitwa pasalfeti, na vumbi lake linajulikana kuwapa wasusi pumu ya kazini. Usiikoroge chini ya feni, usiimwage kutoka juu, ichote kwa kijiko cha plastiki taratibu. Msusi ambaye kila siku ya blichi anakohoa jioni na kifua kinabana, hiyo sio mafua, nenda kapime. Nalisema hili kwa uzito maana wengi wetu tunadhani kukohoa ni sehemu ya kazi.

## Hatua ya 6: Kuchanganya

Uwiano wa kawaida ni poda 1 kwa developa 2. Gramu 30 za poda, mililita 60 za developa ya 20. Kama pakiti imeandika uwiano mwingine, fuata pakiti. Koroga mpaka iwe kama mtindi mzito, isiwe na vidonge, isitiririke.

Changanya ya mafungu mawili kwanza, ukimaliza changanya nyingine. Mchanganyiko uliokaa bakulini muda mrefu unaishiwa nguvu, na hii ndo sababu kisogo (ulikoanza) kinatoka vizuri na mbele (ulikomalizia) panabaki na rangi ya tofali.

Onyo: usiuhifadhi uliobaki kwenye chupa yenye kifuniko ukidhani utautumia kesho. Unatoa gesi, chupa itapasuka. Umwage kwa maji mengi.

Na kuhusu developa. Volyumu 20 maana yake lita moja ina uwezo wa kutoa lita 20 za oksijeni. Ya 40, asilimia 12, inatoa mara mbili ya hizo, na asilimia 12 ndo kikomo cha juu Ulaya kwa bidhaa za nywele. Kwahiyo 40 kichwani kwa mtu, kwenye joto la Dar la Februari, na bado msusi anamuweka kwenye draya, unamchoma. Ya 20 inafika kulekule unakotaka kwa dakika zaidi, ila inakuachia nafasi ya kuona na kusimamisha. Ya 40 inapita kituo ukiwa unajibu simu.

## Hatua ya 7: Kupaka

Anza kisogoni, nywele za pale ni ngumu zaidi. Chukua vipande vyembamba, nusu sentimita, kiasi kwamba ukiinua kipande unaona mwanga unapita. Vipande vinene ndo mabaka.

Paka kuanzia sentimita 2 kutoka kichwani kwenda kwenye ncha. Mizizi iache. Joto la ngozi linaharakisha blichi, kwahiyo ukianza na mizizi itafika njano wakati katikati bado tofali, na ule ndo mchoro wa kichwa ninachokiona kila wiki. Mizizi inapakwa mwisho kabisa, pale urefu unapokuwa umefika kama machungwa ya karoti.

Jaza vizuri, juu na chini ya kipande, alafu fungia kwenye foili bila kubana. Blichi ikikauka imeacha kufanya kazi, na kwa hali ya hewa yetu inakauka upesi, kwahiyo foili au kofia ya plastiki sio ya urembo. Zima feni inayopuliza kichwa moja kwa moja.

Draya usiwashe, na stima pia acha. Joto la chumba linatosha.

Kwa nywele fupi za kunyoa ni tofauti kidogo. Pale unywele wote ni mzizi, kwahiyo paka kichwa kizima kwa haraka, dakika 5 hivi uwe umemaliza, anzia kisogoni na malizia kwenye kingo za uso. Anza kuangalia dakika ya 10. Wale wa kunyoa ndo wanaoungua zaidi kwasababu blichi iko juu ya ngozi muda wote, ukisikia mteja anasema inachoma (sio kuwasha kidogo, *kuchoma*) osha, hata kama rangi haijafika.

## Hatua ya 8: Kusoma rangi

Kila dakika 5 mpaka 10 fungua foili moja kisogoni, moja juu, moja mbele. Futa blichi kwa taulo lenye maji, usiangalie rangi ikiwa bado imefunikwa na poda maana itakudanganya, inaonekana nyeupe kuliko ilivyo. Vuta ule unywele kidogo. Ukivutika na kurudi, endelea. Ukianza kuhisi kama tambi iliyoiva sana, osha sasa hivi.

Fuata ile namba uliyoandika kwenye jaribio. Mwisho wa mwisho kwa poda nyingi ni dakika 45 mpaka 50, hata kama haijafika. Ikiwa imesimama kwenye machungwa mazito na dakika zimeisha, unaosha, unapaka kopa nzuri, mteja anaondoka mzuri, na raundi ya pili ni baada ya wiki 4 au zaidi kama nywele ziko imara. Msusi anayerudia blichi siku hiyohiyo ili amfurahishe mteja anamkopesha furaha ya siku tatu.

Imefaulu kama kichwa kizima kiko ngazi moja, ukiangalia kwa mwanga wa dirishani. Balbu ya njano ya saluni itakufichia mabaka, mtoe mteja karibu na mlango.

## Hatua ya 9: Kuosha

Maji ya vuguvugu kwenda baridi, mengi, mpaka hakuna utelezi. Shampuu laini mara moja. Alafu tritimenti ya protini kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, usizidishe maana protini ikizidi nayo inakaza nywele zinakatika. Usipake kondishena nzito bado, itazuia rangi kuingia.

Blichi ikiingia jichoni, maji safi yanayotiririka dakika 15 bila kuacha, alafu hospitali.

Kausha kwa kubonyeza taulo. Usisugue. Nywele kwa sasa ni dhaifu kuliko wakati wowote.

## Hatua ya 10: Rangi yenyewe

Sasa tumia developa ya volyumu 10. Weusi ushatoka, hapa unaweka tu, huhitaji nguvu ya kutoa. Uwiano fuata boksi, rangi nyingi ni 1 kwa 1 au 1 kwa 1 na nusu, tona nyingi ni 1 kwa 2.

Chagua hivi. Uko kwenye machungwa na unataka kopa, weka kopa ya ngazi hiyohiyo, kazi imeisha, machungwa yanakusaidia. Uko kwenye machungwa na unataka kahawia iliyotulia, tafuta yenye mng'ao wa bluu ndani yake, ile ya majivu, ngazi sawa au moja chini, kwasababu bluu inaua machungwa. Zambarau inaua njano, kijani inaua nyekundu. Na hapa nataka niseme kuhusu ile shampuu ya zambarau ambayo kila mtu anaambiwa anunue. Haifanyi chochote kwenye machungwa, ni ya njano. Ukiwa na machungwa tafuta ya bluu.

Nywele zilizotolewa weusi zinakunywa rangi kama mchanga unavyokunywa maji, ncha hasa. Angalia kila dakika 5. Ikifika osha kwa maji baridi na hapa ndo unaweka kondishena nzito.

## Hatua ya 11: Draya, pasi na stima

Stima ndo rafiki hapa. Kondishena kichwani, stima dakika 15 hivi, osha. Mteja atahisi tofauti palepale.

Draya ya kukaa, joto la chini au la kati, nywele zikiwa kwenye rola au zimesukwa mabutu. Draya ya mkono ishike mbali kidogo na uisogeze muda wote, malizia na hewa baridi.

Pasi siku ya blichi sishauri kabisa. Ukilazimika siku za mbele, tumia pasi inayoonyesha namba za joto, usizidishe 180, na nywele ziwe kavu kavu. Ukipitisha pasi kwenye unywele wenye maji, maji yanachemka humo ndani na kutengeneza vipovu, unywele unakatikia pale kwenye kipovu. Ule mlio wa tsss watu wanaofurahia ni unywele unakufa.

Na umeme. Draya ya wati 2000 kwa umeme wa volti 230 inavuta karibu ampia 9. Ekstensheni yetu ya kawaida ni ya ampia 13. Draya mbili kwenye ekstensheni moja ishapita, ukiongeza na pasi waya unayeyuka chini ya meza huku maji yako sakafuni. Kila draya ikae kwenye soketi yake ya ukutani.

## Ikienda vibaya

Mizizi inang'aa kuliko urefu: usirudishe blichi. Paka mizizi tu rangi ya ngazi inayolingana na urefu, volyumu 10, dakika chache.

Mabaka ya machungwa: paka tona ya bluu kwenye mabaka peke yake, kwa brashi ndogo.

Nywele zinavutika kama bigijii: hakuna rangi, hakuna joto, kata kilichokufa, protini na kondishena kwa kupishana kila wiki, na asisuke rasta nzito.

## Wiki zinazofuata

Kuosha mara moja kwa wiki au mbili, shampuu isiyo na salfeti, maji ya baridi. Kitambaa cha satini usiku.

Ukienda kuogelea, baharini au bwawani, lowanisha nywele kwa maji safi kwanza na upake kondishena. Nywele zikishashiba maji masafi hazina nafasi ya kunywa chumvi, wala maji ya bwawa yenye shaba ambayo yanageuza nywele za njano kuwa na ukijani.

Kurudia ni baada ya wiki 6 mpaka 8, zikiwa zimeota sentimita 1 na nusu hivi au zaidi, na blichi inapakwa kwenye zilizoota tu. Kwenye mpaka kati ya mpya na za zamani paka kondishena kama ukuta, ili blichi isivuke. Ikivuka, ule mstari wa sentimita mbili nilioutaja mwanzo ndo utakatikia hapo. Ncha zikififia zinapakwa tona, volyumu 10, dakika 5 za mwisho.